Waya wa tairi na daftari la mchezo

Nimekaa na hii stori karibu mwaka mzima bila kuiandika kwa sababu mama alikuwa hajanipa ruhusa. Juzi kanipa, kwa sharti moja tu, nisitaje jina la mtu. Kwa hiyo humu mtakutana na mama, na kijumbe, na yule wa Mbagala, na marehemu baba, basi, majina yao yanabaki kwetu.

Chanzo ni muvi. Inaitwa Lingui, ilitoka 2021, ya Chad, aliyeitengeneza ni Mahamat-Saleh Haroun. Lingui ni neno la Kiarabu cha Chad, maana yake vile vifungo vinavyowashika watu pamoja, ambavyo hakuna mtu kaviandika mahali wala kaapishwa navyo ila ukivikata unasikia kabisa kuna kitu umekata. Niliiona mara ya kwanza peke yangu usiku, nikalala nayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo kazini wiki nzima, mpaka Jumamosi nikaitia kwenye flashi nikaenda nyumbani Tandika, Dar, nikamwambia mama leo tamthilia ya Kituruki ipumzike, tuangalie hii. Ni dakika 87 tu. Wanaongea Kifaransa na Kiarabu, kwa hiyo nikakaa pembeni yake namsomea maandishi ya chini kwa Kiswahili, ingawa kila likipita neno la Kiarabu analolijua mama alikuwa ananiwahi.

Inaanza na mikono ya mwanamke. Anaitwa Amina, yuko uani kwake pembezoni mwa N'Djamena, ana kisu na tairi kuukuu, analichana lile tairi halafu anavuta waya ulioko ndani ya mpira, anavuta kwa mwili mzima, unamsikia anavyohema, na hakuna anayeongea wala hakuna haraka ya kukimbilia tukio lingine. Zile waya anazikunja anasuka majiko ya mkaa, anayapanga kichwani anaingia nayo mjini kuuza. Aliyeigiza ni Achouackh Abakar Souleymane na kwa kweli yule dada mikono yake tu inatosha kukueleza. Nilidhani mama atachoka hapo. Alisogea mbele kwenye kochi. Akasema huku kwetu tairi linaishia kuwa makatambuga, na majiko wanagonga wanaume kule Gerezani, huyu mama kazibeba kazi zote mbili peke yake. Halafu nikamuona anaangalia vidole vyake.

Mama kakaanga vitumbua tangu 1996 mpaka magoti yalipokataa 2018. Saa kumi alfajiri yuko jikoni, mgongo wa mkono wa kulia una madoa madoa ya mafuta mpaka leo, sisi tukiwa wadogo tulikuwa tunayahesabu. Wengi wakiiongelea hii muvi wanakimbilia kwenye mimba. Kwangu mimi iko yote kwenye lile tairi, kwa sababu ukishaona ule waya unavyogoma kutoka huhitaji kuelezwa kitu kingine kuhusu pesa ya ile nyumba, na baadae daktari wa kuitoa hiyo mimba anaposema anataka faranga milioni moja (hiyo ni zaidi ya milioni nne za kwetu) unajiuliza hapo hapo hayo ni matairi mangapi.

Kisa chenyewe. Amina ana binti mmoja, Maria, miaka 15, kaigiza Rihane Khalil Alio. Binti siku hizi kanuna, haongei na mama yake, kumbe ana mimba na shule imeshamfukuza. Ya nani, hasemi. Anachosema ni kwamba haitaki. Amina ni Muislamu wa kusali, imamu wa mtaa mwenyewe anamfuatilia kama anaonekana msikitini, kwa hiyo mwanzo anakataa kabisa, ni dhambi na sheria inakataza. Ila na yeye alizaa akiwa binti hajaolewa na ndugu zake wakamtenga, kamlea Maria peke yake, na Maria anamwambia usoni kuwa hataki kuja kuwa kama yeye. Mama hapo aliguna tu.

Hiyo ya kufukuzwa shule mimi haikunipita hivi hivi. Muvi ilioneshwa Cannes Julai 2021, na Julai hiyo hiyo msichana wa kwetu akipata mimba shuleni ndio basi tena, mpaka tarehe 24 Novemba 2021 ndio waziri wa elimu wa wakati ule, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba waliokatishwa masomo na ujauzito wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Nilipokuwa kidato cha tatu tulikuwa tunapangwa mstari wasichana wote, unapewa kikopo unaingia chooni, mwalimu wa kike anasubiri mlangoni. Wawili wa darasani kwetu walipotea baada ya siku moja kama hiyo. Hawakutajwa tena, madawati yao wakakaa wengine, na sisi tuliobaki tulijifunza siku ile ile kutowataja. Nilivyomuona Maria kakaa nyumbani saa za masomo nikawakumbuka wote wawili, mmoja alikuwa ananiazima kompasi.

Sehemu ya kutoa mimba ilikuwa ngumu kwa mama. Aligeuka pembeni akasema astaghfirullah, nikamuuliza nizime, akasema acha. Mama hajabadilisha msimamo wake kuhusu hilo jambo hadi leo na sitaki kumwandikia msimamo ambao sio wake. Lakini hakuinuka. Na nikiangalia vizuri hata Amina mwenyewe hakuna mahali anapogeuka kuwa mtu wa kutetea jambo fulani, hatoi hotuba, anamuangalia tu mwanae anaona huyu nitampoteza, anajifunga lafai yake (lile shuka la kujitanda la wanawake wa Chad) anatoka kwenda kutafuta njia. Anagonga mlango huu anaambiwa nenda kwa fulani, huyo fulani anamuelekeza kwa mwingine, na wote ni wanawake na wote wanaongea kwa sauti ya chini. Hapo ndio unaanza kuona kuna mji mwingine ndani ya ule mji.

Halafu anakuja dada yake.

Anaitwa Fanta. Huyu ni wa ile familia iliyomtenga Amina, hawajaonana miaka, sasa kaja kwa sababu mume wake anataka binti yao mdogo akeketwe na yeye mama mtu hataki, na kwenye dunia nzima hana wa kumwambia isipokuwa yule yule dada waliyemtupa. Chad ina sheria tangu 2002 inayokataza ukeketaji, lakini sheria iko mjini kwenye karatasi na mume yuko sebuleni. Wanachofanya hawa akina mama ni hiki: wanamtafuta ngariba anayekubali kujifanya anakata bila kukata. Sherehe inafanyika kama kawaida, watu wanakuja, baba wa mtoto anafurahi kabisa kwamba mila imetimia, na mtoto yuko mzima na viungo vyake vyote. Chumba kizima cha wanawake kinajua, na mwanaume pale nje hajui.

Mama akasema simamisha hapo.

Nikajua anataka kwenda kuswali maana magharibi ilikuwa imekaribia. Akaniuliza, "Mgeni unamkumbuka?"

Sasa hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Baba alikuwa dereva wa malori, Dar kwenda Tunduma na kurudi, na mwaka 2003 akaoa mke wa pili akampangia Mbagala. Sisi tulimuita yule wa Mbagala. Jina lake halikutajwa ndani ya nyumba yetu, na pesa ya baba ambayo ilikuwa ndogo tangu mwanzo ikawa inakuja kwa mafungu, mwezi inakuja mwezi haiji, mama akaongeza kilo za mchele wa vitumbua na akaingia kwenye mchezo. Kwa wasiojua mchezo (wengine wanasema upatu), ni kina mama kumi na mbili, kila mtu elfu tano kila Jumapili, jumla elfu 60, anapewa mmoja kwa zamu, na anayekusanya na kugawa ndio kijumbe. Hamna riba, hamna dhamana, hamna kusaini. Leo hii wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu, wanakupa laki wanakuja kukubebea kitanda, lakini kwa kijumbe wetu miaka yote ile sijawahi kusikia mtu kadhulumiwa zamu yake.

Kijumbe wetu macho yalikuwa yameanza kumsumbua, kwa hiyo kuanzia 2006 mwandishi wa daftari nikawa mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Kila Jumapili baada ya asri nakaa mkekani naandika majina kumi na mawili kwa kalamu ya bluu na kuweka tiki. Wa mwisho alikuwa anaitwa Mgeni. Mgeni hakuwahi kuja mwenyewe hata siku moja, hela yake analeta kijumbe imekunjwa kwenye kipande cha gazeti, na mimi naandika Mgeni, tiki, Mgeni, tiki, miaka mitatu.

Mgeni ndio yule wa Mbagala.

Nilimwambia mama haiwezekani. Akasema sikiliza. Baba alikuwa Tunduma, lori limeharibika, simu haipatikani. Saa mbili usiku mlango ukagongwa, mama kufungua anamkuta bi mdogo kasimama na mtoto mgongoni, mtoto ana homa kashalegea, hospitali wanataka aongezewe damu na yeye hana hata nauli ya kurudi. Walikuwa hawajawahi kusalimiana. Mama alikuwa kapokea mchezo Jumapili ile, elfu 60 iko chini ya godoro, ya kodi. "Ningefanyaje," akaniambia, "mtoto ananiangalia na ana macho ya baba yenu." Wakaenda wote. Sisi tuliamka asubuhi tukakuta hamna vitumbua, tukaambiwa mama alikuwa kwenye msiba.

Kuanzia hapo wakawa pamoja na hakuna aliyejua isipokuwa kijumbe. Bi mdogo akaingizwa kwenye mchezo kwa jina lile. Na Februari 2009 yalivyotoka matokeo nikawa nimefaulu kwenda kidato cha tano bweni, ada elfu 70 kwa mwaka na bado michango, godoro, ndoo, shuka mbili, jembe, tranka, baba akasema subirini nirudi safari. Mama alikuwa namba tisa kwenye mzunguko ule. Mgeni alikuwa namba nne. Nilichokumbuka pale kwenye kochi nikaanza kulia ni kwamba ule mshale niliuchora mimi. Kijumbe alikuja akaniambia mwanangu badilisha hapa, wa nne aende tisa na wa tisa aje nne, nikachora mshale kwa rula, nikapulizia wino ukauke. Nilibadilisha maisha yangu mwenyewe kwa rula sijui ninachokifanya. Na lile tranka la bluu nililoenda nalo bweni, lenye herufi zilizokwanguliwa kwenye mfuniko, ambalo niliambiwa ni la mtumba, lilikuwa lake alilosomea.

Nikamuuliza mama kwa nini sasa mlijifanya maadui, maana nakumbuka harusi ya baba mdogo mwaka 2007, wamekaa mikeka mbalimbali hawatazamani, na yule bi mdogo kaja mpaka nilipokaa kanipa soda mkononi na mimi nikaiweka chini mbele yake sikuigusa. Nilimchukia kwa niaba ya mama. Akasema baba yenu akiona tunagombana analeta huku kidogo na kule kidogo ili atutulize, angejua tunaelewana angesema hawa wanajiweza akaacha na hicho kidogo. Na ndugu zake wangesema tumemroga.

Nimelifikiria hilo jibu sana. Kwanza nilifurahi, yaani nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba chini ya nyumba yake kuna msingi wa mawe. Baadae nikaanza kukasirika, na hasira haijaisha. Kwa sababu baba alifariki 2015 akiamini kwamba alihudumia nyumba mbili, na kwamba wake zake hawapikiki chungu kimoja, na msibani wazee walisimama wakamsifu kwa kusomesha. Wale wanawake wawili walisikiliza hizo sifa kimya kila mmoja na upande wake wamekaa eda. Ndivyo ilivyo na yule mume wa Fanta kwenye muvi. Anakula pilau ya sherehe, kashinda, hajaumia mahali, kesho rafiki yake akiwa na binti atamshauri afanye kama yeye. Ule uongo umemuokoa mtoto mmoja na nashukuru umemuokoa, ila mtoto wa nyumba ya pili anahitaji uongo wake mpya, na ngariba mwingine mwenye huruma, na chumba kingine cha watu wasiotoboa siri. Nilimwambia mama hivi hivi. Akanijibu, "Ningeanzisha ugomvi wa haki ungesoma?" Sina jibu la hilo mpaka leo.

Na tusidanganyane kwamba wanawake wakifichiana basi siku zote wanaficha jema. Hapa Tanzania sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilipokataza kukeketa wasichana wa chini ya miaka 18, kuna sehemu wakahamia kukeketa watoto wachanga kimya kimya, eti wanatibu ugonjwa, ili mtoto akikua kusiwe na sherehe ya kumshtua mtu. Wanaoshika mtoto ni bibi na shangazi. Chumba ni kile kile, mlango umefungwa vile vile, sauti za chini vile vile. Tofauti iko kwa aliyeshika wembe anafanya nini nao, na kwa nje hakuna anayeweza kujua ni chumba kipi. Hii ndio inanifanya nisiweze kuusifia usiri wenyewe, hata kama umenisomesha.

Nilishangaa pia kuwa mtengenezaji ni mwanaume, tena Haroun muvi zake nyingi kabla ya hapo zilikuwa za akina baba na watoto wa kiume. Abouna ya 2002 ni watoto wawili wanamtafuta baba aliyewaacha, Daratt ya 2006 kijana anatumwa kulipiza kifo cha baba yake, na ile iliyompa tuzo ya majaji Cannes 2010 ni baba na mwanae. Labda mtu akihangaika muda mrefu na baba asiyekuwepo mwishowe anageuka kuangalia nani alibaki nyumbani.

Tuliendelea baada ya swala. Kuna jirani anaitwa Brahim, mtu mzima, anaheshimika mtaani, muda wote anamtaka Amina amuoe, anaongea kwa upole, anatoa misaada. Amina anakuja kugundua kwamba aliyembaka Maria ni huyo huyo. Usiku anamvizia na gongo. Haroun haipambi ile kipigo, hamna muziki wa kishujaa, ni mwanamke na gongo na giza, na nilichoona mimi ni kwamba anapiga kwa mwili mzima kama alivyokuwa anavuta ule waya mwanzo. Mama alisimama. Akabaki kasimama mpaka ikaisha, kisha akakaa akaomba maji.

Wiki mbili baadae akanipigia anasema ile flashi ije, twende Mbagala. Yeye ndio alinisindikiza, daladala ya Tandika Mbagala, kajifunga kanga mpya kabisa. Bi mdogo siku hizi ana saluni ya kusuka hapo Rangi Tatu na yule mtoto wa homa ni kijana mkubwa anasomea ufundi umeme, ndio alitufungia flashi kwenye tivii akatoka. Tukaangalia watatu. Nilisoma tena maandishi yote kwa sauti, na ilipofika pale ngariba anapojifanya na mume kule nje anapongezwa, wale wawili walitazamana wakaanza kucheka, wakacheka mpaka bi mdogo akalaza kichwa kwenye bega la mama, na mimi niliyekaa kando nikakaa kimya na rimoti yangu kwa sababu kile kicheko kilikuwa na miaka mingi ndani yake na mingine sikuwepo.

Ilivyoisha bi mdogo akauliza kama mwandiko wangu bado mzuri. Halafu akaenda kwenye friji akarudi na soda moja, akaifungua, akaniwekea mbele yangu, na hakukaa, alisimama pale pale ananiangalia mpaka nikainywa.